Shaka ya Bwana Msa na Shaka ya Kazimoto: Asiyeamini katika Fasihi ya Kiswahili

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuorodhesha dini miongoni mwa maudhui ya kazi tunazofundisha. Katika miongozo mingi, dini hupewa aya mbili tu: wahusika wanaomcha Mungu, na wahusika wanafiki. Bwana Maksuudi wa Utengano huwekwa katika kundi la pili, mwanafunzi akamtolea mfano, akapata alama zake, nasi tukaendelea na maudhui mengine. Kundi la tatu halipo. Mhusika aliyefikiri kwa makini akaona kwamba hana sababu ya kuamini hajatengewa nafasi katika orodha hiyo. Akitokea, huelezwa kuwa amepotoka, au ameharibiwa na elimu ya Kizungu, au ana wazimu.

Makala haya yananuia kumfuata mhusika huyo katika baadhi ya kazi za Kiswahili, tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, na kuuliza kwa nini waandishi wetu waliruhusu shaka ya aina moja na kuiadhibu shaka ya aina nyingine. Ninaandika nikiwa Kanyakine, Imenti Kusini, ambako ninafundisha. Ni haki msomaji ajue mapema kwamba mimi mwenyewe siamini. Nilibatizwa Methodisti, nikaimba kwaya, na hadi leo nikimaliza kipindi cha mwisho Ijumaa huwaambia wanafunzi kwamba tutaonana Jumatatu, Mungu akipenda. Hayo hutoka kinywani kabla sijayafikiri. Anayetaka kukitumia Kiswahili bila kumtaja Mungu atajikuta hana namna ya kuaga, kutoa pole, wala kumshukuru aliyemsaidia kubeba mzigo.

Hata jina la mtu wa aina yangu limetungwa na wengine. Kafiri ni neno la msikitini. Mpagani ni neno la kanisani. Mkanamungu linaonekana kuwa la kitaaluma zaidi, lakini litazame vizuri: anayekana hukana kitu kilichopo, kama mshtakiwa anavyokana kosa, au kama Petro alivyomkana bwana wake kabla ya jogoo kuwika. Neno lenyewe limekwisha kuamua kesi. Ndiyo maana katika makala haya nimependelea kusema asiyeamini, ingawa nalo linamweleza mtu kwa kile alichokosa.

Hali hiyo ina historia yake. Fasihi andishi ya Kiswahili ilikua mikononi mwa wachaji. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mnamo 1728, unasimulia vita vya imani, na kwa muda mrefu ilikuwa desturi ya mtunzi wa utenzi kuanza kwa kumsifu Mungu kabla ya kugusa kisa chake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaweza kuitwa kazi ya shaka, kwa kuwa inatilia shaka karibu kila kitu ambacho matajiri wa Pate walikitegemea: majumba, watumishi, karamu, ukoo. Lakini shaka hiyo inaishia duniani. Kadiri magofu yanavyozidi, ndivyo Akhera inavyozidi kuwa ya hakika. Kwa zaidi ya karne mbili mshairi wa Kiswahili aliruhusiwa kuhoji kila kilicho chini ya mbingu na akakomea hapo.

Riwaya ilipokuja, mambo yalibadilika kidogo. Muhammad Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957/58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na hadithi hiyo ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Wahakiki wengi wameizungumzia kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili, wakamlinganisha Bwana Msa na kiko chake na Sherlock Holmes. Hayo ni kweli, lakini ninaona kwamba yametufanya tupite haraka mno mbele ya jina la kitabu. Mzimu ni mahali ambapo watu hupeleka nadhiri na hofu zao. Mauaji yanapohusishwa na mahali hapo, jamii tayari ina maelezo, na maelezo hayo yana faida kubwa kwa muuaji. Ikiwa mzimu ndio ulioua, hakuna wa kushtakiwa.

Bwana Msa anakataa maelezo hayo kwa njia ya kawaida kabisa. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anafaidika, nani anasema uongo. Hahubiri. Sidai kwamba Bwana Msa ni asiyeamini. Mwandishi wake hakumpa sifa hiyo, na riwaya haigusi Uislamu wa wahusika wake kwa nia ya kuuhoji. Ninachodai ni kwamba hapa kuna mhusika wa Kiswahili anayepewa maelezo ya kiroho kuhusu tukio la kila siku, akayaweka kando, akatafuta sababu iliyofanywa na mikono ya watu, na msomaji akamshangilia. Bwana Msa haadhibiwi kwa shaka yake. Alirudi katika riwaya nyingine kadhaa, akiwa na kiko kilekile. Vijana wetu humpenda. Niliposoma naye Kidato cha Pili kama kitabu cha ziada, hakuna mzazi aliyelalamika kwamba ninawafundisha watoto kudharau mambo matakatifu, kwa sababu mzimu si utakatifu wa mtu yeyote katika darasa lile. Ni utakatifu wa watu wa kale, na tena wa Unguja.

Hapo ndipo historia ya kwetu inapoingia. Wamisionari wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911, na Wamethodisti, waliokuwa Ribe huko pwani tangu 1862, wakafungua kituo cha Kaaga mwaka 1912. Kusini yetu, Wapresbiteri wa Uskoti walianza Chogoria mwaka 1922. Tunapofundisha historia hii kwa kawaida tunasema walileta imani. Walileta shaka pia, na kwa mzee wa Imenti wa mwaka 1915 nadhani shaka ndiyo iliyoonekana kwanza. Walimwambia mganga hana uwezo. Walimwambia laana ya mzee haiui. Walimwambia ugonjwa una chanzo kinachoweza kuonekana na dawa inayoweza kupimwa, wakajenga zahanati na hospitali kuthibitisha. Zaidi ya yote walimwambia kwamba Mugwe ni mtu kama yeye.

Mugwe alikuwa kiongozi wa baraka miongoni mwa Wameru. Nguvu zake zilisemekana kuwa katika mkono wake wa kushoto, ambao haukupaswa kuonekana ovyo na watu. Bernardo Bernardi, ambaye mwenyewe alikuwa padri wa Consolata, alimwandikia Mugwe kitabu kizima kilichotoka mwaka 1959, na jina lake la Kiingereza linamwita nabii anayeshindwa. Mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Rodney Needham aliandika makala maarufu juu ya mkono huo wa kushoto peke yake. Nyanya yangu hakusoma kitabu wala makala. Alichokuwa akisema ni kwamba alipokuwa msichana, kuutazama mkono wa Mugwe kulikuwa sawa na kujitafutia kifo, na kwamba alipokuwa na watoto watatu, watu walikuwa wakicheka habari hiyo wakitoka ibadani. Nilimwuliza mara moja ni nini kilichobadilika katikati. Alifikiri, akasema hakuna aliyekufa.

Jibu hilo lingemfurahisha Bwana Msa. Watu walijaribu, wakaona, wakaacha. Lakini nilipomwuliza kama mtihani huohuo unaweza kutumiwa kwa mambo ya kanisani, alinitazama kama nimevua nguo mbele yake, na hakuzungumza nami hadi jioni. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba tulifundishwa kutumia panga kwa kukata mti mmoja tu, na mwenye panga akaweka ua kuzunguka mti wake.

Watu wa Kanyakine si wepesi wa kuamini katika mambo yao ya kila siku, na hili ningependa lieleweke, maana asiyeamini hushtakiwa kwamba anawaona wengine kuwa wajinga. Mkulima wa chai hamwachii karani majani yake akaenda zake kwa imani. Husimama kando ya mizani, akasoma namba mwenyewe, akahakikisha imeandikwa ilivyo. Anayenunua ng'ombe wa maziwa hataki ushuhuda. Anataka kumkama mwenyewe asubuhi na jioni. Mnamo Februari 14, 2023, baada ya misimu kadhaa ya ukame, Rais aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mvua za masika zilipoanza mwezi uliofuata, watu wa kwetu walishukuru kwa moyo wa kweli. Hata hivyo mashamba yalikuwa yamekwisha kulimwa kabla ya maombi na baada ya maombi, kwa kufuata miezi, kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia.

Kuna wakati tahadhari hiyo humtoka mtu mwenye akili timamu. Shangazi yangu, ambaye katika biashara ya ndizi hakuna aliyewahi kumpunja hata shilingi kumi, aliacha tembe za kisukari baada ya wiki moja ya mahubiri ya uponyaji chini ya hema. Aliporudi hospitalini miezi minne baadaye alikatwa vidole viwili vya mguu. Sikumwona mhubiri yule tena, wala simlaumu peke yake. Shangazi anamshukuru Mungu kwa vidole vinane vilivyobaki. Nampenda sana, na sijawahi kupata neno la kumjibu.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili vizuri kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili ninayemjua. Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Historia yenyewe inajulikana: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyoaminiwa kuwa yangezuia risasi za Wajerumani, vita vya Maji Maji vikazuka Julai 1905, naye akanyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Hadi vita na njaa iliyofuata vilipokwisha, waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wanahistoria wengine hutaja laki mbili hadi tatu. Hussein mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Anambakiza hai muda mrefu zaidi ya yule wa historia ili ashuhudie matokeo.

Mara nyingi tamthilia hii hufundishwa kwa kuuliza umuhimu wa umoja. Ni swali halali, na maji yaliwaunganisha kweli watu waliokuwa wakigombana. Lakini mtu wa kwanza kutilia shaka ujumbe huo jukwaani ni yule aliyeuleta. Anapoyarudia maneno aliyopewa na mzimu, anagundua ndani yake kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watatoka kwa bwana mmoja waende kwa mwingine, na anashtuka. Kuanzia hapo anajaribu kuuzuia moto aliouwasha mwenyewe. Hawezi. Waumini hawamhitaji tena, wana maji. Katika onyesho la mwisho anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuhofia watoto wa baadaye wataambiwa kwamba waliopigana walikosea kupigana.

Nilisoma tamthilia hii na Kidato cha Tatu katika muhula wa pili wa mwaka 2023, nje ya vitabu vilivyotahiniwa. Sikupanga kufanya hivyo kwa sababu ya Shakahola. Lakini tulipofungua shule mwezi wa Mei, redio zote zilikuwa zikihesabu miili. Kuanzia Aprili mwaka huo, makaburi yalikuwa yakifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ambao inasemekana waliambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Idadi ilipita 400. Wengi walikuwa watoto. Mackenzie alikana mashtaka na kesi zikaanza kusikilizwa mwaka 2024. Darasani hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Mvulana mmoja, mtulivu, mtoto wa mzee wa kanisa, aliinua mkono na kuuliza kama mtu wa Ngarambe angeweza kujua kwamba maji ni maji kabla ya risasi ya kwanza.

Nilisema ni swali zuri, tukalijadili hadi kengele. Wengine walisema angeweza kujaribu kwa mbuzi. Mmoja akasema aliyependekeza kujaribu angeitwa msaliti. Baadaye nikawapa insha: linganisha imani katika Kinjeketile na tukio lolote la wakati wetu. Insha ya mvulana yule ilikuwa bora kuliko zote. Alilinganisha maji na njaa. Alieleza kwamba katika hali zote mbili anayeuliza hugeuzwa adui kabla anayeongoza hajahojiwa. Halafu, katika aya ya mwisho, aliuliza sisi tulio nje ya msitu tunajuaje kwamba imani zetu zimepimwa, na kama hazijapimwa, tofauti yetu na wale ni nini zaidi ya bahati ya kupata viongozi wapole.

Insha ilichaguliwa kwa ajili ya jarida la shule. Kabla ya kuchapwa, niliitwa ofisini. Nikaambiwa kwa upole mwingi kwamba ni kazi nzuri, lakini aya ya mwisho itawaudhi wadhamini na wazazi, na kwamba mimi ndiye mwalimu wake, kwa hiyo litakuwa jambo jepesi likitoka kwangu. Kanisa linalodhamini shule lina nafasi yake kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini jukumu la kukuza maisha ya kiroho shuleni, na pia inataka imani za wengine zilindwe. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kutaja kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kinacholinda dhamiri na fikira pamoja na dini. Sikusema lolote. Nilirudi chumba cha walimu, nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata aya ile kwa mstari mmoja wa mshazari, na pembeni nikaandika kwamba inatoka nje ya mada.

Haikutoka nje ya mada. Ilikuwa ndiyo mada.

Nimelieleza hili kwa sababu linanisaidia kumsoma Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, na akafariki Januari 2020 baada ya miaka mingi ya kufundisha Dar es Salaam na Botswana. Mara nyingi shaka yake juu ya Mungu huelezwa kwa kutaja falsafa ya udhanaishi na wanafikra wa Ulaya, kana kwamba aliipokea kwa posta. Mimi ninaona alianzia kanisani. Jina la riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), limetoka katika litania ya Bikira Maria. Baada ya Rosa na baba yake Zakaria kufa, wanasimama mbele ya Mungu wakilaumiana. Kwa mtu aliyelelewa na katekisimu, onyesho hilo ni ujasiri mkubwa, kwa sababu Mungu anawekwa mahali ambapo anapaswa kusikiliza kesi ambayo malezi ya kidini yalichangia kuileta. Riwaya ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda, na sababu iliyotolewa ilikuwa mapenzi. Sijawahi kusikia mtu akisema ilizuiwa kwa sababu ya mahakama ile.

Miaka mitatu baadaye ikaja Kichwamaji. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizo. Anaona dada yake akiharibiwa maisha na rafiki yake Manase, anaona misiba ikifuatana, anaona wanakijiji wakieleza misiba hiyo kwa uchawi. Hadi hapo yeye ni Bwana Msa aliyehamia Ukerewe. Tofauti ni kwamba Kazimoto hakomei kwenye uchawi. Anaona kwamba swali analomwuliza mganga linamhusu padri vilevile: ikiwa msiba huu umepangwa, umepangwa na nani, na kwa haki gani? Hapati jibu, na mwisho anajiua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na miongozo, na kidogo na Kezilahabi mwenyewe. Wahakiki wengi wamekifanya kifo cha Kazimoto kuwa hitimisho la hoja: asiyeamini hana pa kushika, kwa hiyo huanguka. Ukiisoma riwaya polepole utaona kwamba yanayomsukuma Kazimoto ni mambo ya duniani kabisa. Kuna maradhi yanayopita kutoka kwa mwili hadi mwili hadi kwa mtoto asiye na kosa. Kuna aibu, kuna upweke wa msomi asiye na mtu wa kuzungumza naye kijijini, kuna rafiki aliyemsaliti. Mwamini pia angeweza kuvunjika kwa uzito huo. Katika riwaya yetu Rosa, aliyelelewa kwa rozari, alijiua vilevile, na hakuna mwongozo niliouona unaosema kwamba rozari ndiyo iliyomwua. Kazimoto akijiua, tunalaumu shaka yake.

Ninakiri kwamba mwandishi ametusaidia kukosea. Kezilahabi hakumpa Kazimoto hata rafiki mmoja mwenye shaka kama yake anayeishi maisha ya kawaida, anayelima, anayelea watoto, anayekwenda mazishini na kurudi. Bwana Msa alimpata Najum wa kumsikiliza. Kazimoto ana msomaji tu. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mwandishi alikwenda mbali zaidi. Katika Mzingile msimulizi anasafiri kumpelekea mzee mmoja habari ya kifo cha mwanawe, na wahakiki wengi wamemsoma mzee huyo kama Mungu. Ni kazi zenye kina. Lakini zimeandikwa kwa fumbo zito kiasi kwamba asiyeamini wa kawaida, mwenye madeni na mkutano wa wazazi, hajioni ndani yake. Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) nayo inamhamishia msomaji katika ulimwengu wa malaika na roho. Inaelekea kwamba katika Kiswahili, mtu akitaka kuzungumza juu ya kutoamini, ni lazima kwanza afe, au aote, au aende mbinguni.

Mwenzangu anayefundisha Somo la Dini, tunayekaa naye meza moja, alisoma rasimu ya makala haya. Hakukasirika, nami nilitarajia angekasirika.

"Mwalimu," akaniambia, "umesahau mazishi ya baba yako."

Sikuwa nimesahau. Baba alifariki mwaka 2019. Akina mama wa kanisa walikuja siku ileile na unga, sukari na sufuria zao. Walikesha na mama usiku tatu. Walijua kwamba mimi siji kanisani, na mmoja wao alinishonea kifungo cha koti asubuhi ya mazishi bila kuniuliza lolote. Mwaka uleule sensa ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 wasio na dini. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na sufuria.

"Na maji ya Kinjeketile?" akaendelea. "Bila maji yale wangekaa kila mtu kwake hadi leo. Wewe utawaunganisha watu kwa kitu gani, Mwalimu? Kwa maswali?"

Nilimjibu kwamba akina mama wale walinisaidia kwa sababu ni watu wema na wamejipanga, na kwamba wema na mpango havihitaji kuthibitishwa kwa mambo yasiyopimika. Akasema basi nipange, aone. Sina jibu la kuridhisha. Nafikiri ana haki kuhusu sufuria, na hana haki kuhusu vidole vya shangazi yangu, na sijui njia ya kuweka mambo haya mawili katika mizani moja. Ninajua tu kwamba hoja yake ni ya manufaa ya imani, ilhali mvulana wangu aliuliza juu ya ukweli wake, na kwamba kwa zaidi ya miaka sitini tumekuwa tukilijibu swali la pili kwa jibu la la kwanza, hata tunaposahihisha mitihani.

Nje ya fasihi mambo hayajawa mepesi zaidi. Chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, kilisajiliwa Februari 2016, na kufikia Aprili usajili wake ulikuwa umesimamishwa baada ya malalamiko ya viongozi wa dini. Kiliendelea kusema hadharani. Lakini wasemaji wake wanasikika Nairobi na kwa Kiingereza. Katika Kiswahili cha darasani, mtu huyo bado ni Kazimoto.

Mvulana yule alifika Kidato cha Nne. Jarida lilitoka bila aya yake, na hakulitaja kamwe. Siku moja katika muhula wa mwisho alikuja mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana, walimu wengine wakiwa wametoka. Alikuwa na insha ile mkononi, yenye mstari wangu mwekundu. Akaniuliza kama mimi ninaamini.

Nikamwambia siamini.

"Nilidhani hivyo, Mwalimu," akasema. Aliikunja insha, akaitia mfukoni, akatoa karatasi ya mtihani wa majaribio na kuniomba nimweleze swali la pili la fasihi simulizi, kwa sababu hakuelewa ni kwa nini alipata alama nne kati ya ishirini.